Kompyuta Iliyokataa Kulala

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni juma lililopita. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, juma hili nimekuja na habari ya usingizi. Si usingizi wangu wala wako, ni usingizi wa kompyuta. Usicheke, kwa maana ni kwa sababu ya usingizi huo binti wa jirani yangu hapa Mkonze alikaribia kuitupa mashine ya shilingi laki tatu na nusu, fedha ambayo mama yake aliipata kwa kuuza zabibu.

Binti huyo anasoma chuo hapa hapa Dodoma, mwaka wa mwisho, na kwa sasa yuko katika ile kazi ya kuandika taarifa ya utafiti ambayo bila hiyo hakuna kuvaa joho. Kompyuta yake mpakato, au laptopu kama tunavyosema mitaani, ni ya mtumba. Imetumika ofisini Ulaya miaka kadhaa, ikapangwa kwenye boksi na wenzake, ikaja kuishia kwenye kibanda cha fundi mjini. Ilipokuja ilikuwa na Windows 10. Sasa, kama mnavyojua, kampuni ya Microsoft ilisimamisha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 ina masharti yake: kichakataji kikiwa cha zamani, haikubali. Hicho cha binti ni cha mwaka 2016 au 2017. Fundi akamshauri aweke Linux, mfumo endeshi ambao ni huria: si lazima uununue wala uukodi, na mwenye ujuzi anaruhusiwa kuufungua, kuusoma na kuurekebisha. Ushauri mzuri kabisa. Mashine ikawa nyepesi, binti akafurahi, fundi akalipwa elfu kumi na tano yake.

Furaha ile ilidumu mpaka siku umeme ulipokatika.

Siku hiyo aliandika mpaka saa sita usiku kwa mwanga wa kioo cha kompyuta. Betri ilikuwa bado nusu. Akafunika mashine, akaitia kwenye begi, akalala. Kulipokucha, begi lilikuwa na joto kama limewekewa viazi vya kuchoma, betri sifuri, na kurasa mbili alizokuwa hajazihifadhi zimekwenda. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu akaja kwangu.

“Shikamoo, baba Neema.”

“Marahaba. Mbona uso umekunjamana?”

“Nimechoka na hii mashine, baba. Nikiifunika hailali. Naenda kwa fundi anirudishie ile Windows ya zamani.”

Nikamuuliza, hiyo ya zamani ana leseni yake? Akatazama chini. Ndugu msikilizaji, wewe na mimi tunajua jibu. Vibanda vyetu vimejaa nakala za kuiba, zenye kufuli lililovunjwa na mtu tusiyemjua, ambaye huenda alipovunja kufuli aliacha na mlango wake mwenyewe wa kuingilia. Halafu hiyo ya zamani ndiyo ile ile ambayo marekebisho yake ya usalama ya kawaida yamekwisha. Nikamwambia asubiri, twende wote kwa fundi.

Fundi ni kijana mwenye adabu na mkono mwepesi. Nilipomuuliza kama alijaribu kila kitu kabla ya kumkabidhi mteja, alijibu bila kuficha: “Mzee wangu, inawaka, sauti ipo, intaneti ipo, printa inakubali. Kulala sikujaribu.”

Kulala sikujaribu. Neno hilo ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya, kwa sababu si yeye peke yake ambaye hajaribu. Kibandani kwake mashine zimechomekwa ukutani mchana kutwa. Mashine iliyo ukutani haina haja ya kulala. Na kwa miaka mingi, hata walioutunga mfumo wenyewe walikuwa na hali hiyo hiyo: meza, kiti, na soketi yenye umeme saa ishirini na nne.

Tueleze kwanza usingizi wenyewe ni kitu gani. Kompyuta inapofanya kazi, mambo uliyoyafungua yako kwenye kumbukumbu ya muda, ile ambayo umeme ukiondoka nayo inasahau yote. Usingizi wa kwanza ni huu: mashine inazima kioo, inazima diski, inazima kichakataji, inaacha tone dogo tu la umeme la kuishikilia ile kumbukumbu isisahau. Ukifunua, sekunde mbili tatu uko pale pale ulipokuwa. Huu nauita usingizi wa pono. Usingizi wa pili, mashine inanakili kumbukumbu yote kwenye diski kisha inajizima moja kwa moja. Hautumii umeme hata kidogo, lakini kuamka kunachukua muda zaidi. Halafu kuna wa tatu, wa siku hizi. Mwaka 2012, ilipotoa Windows 8, Microsoft ilileta mtindo wa kuilaza laptopu kama simu: kioo kinazimika, lakini ndani mashine iko macho nusu, ili ipokee barua na kuamka mara moja. Kwa Kiswahili chetu huo ni usingizi wa mang'amung'amu. Kila kitu ndani kikikubali kutulia, hautumii umeme mwingi. Kifaa kimoja kikigoma kutulia, mashine inakesha, na wewe unaona kioo cheusi unadhani imelala.

Hapo mtu atauliza: kwa nini asiizime tu? Fundi naye alisema hivyo. Ni kweli, kama huna haja nayo mpaka kesho, izime, huo ni ushauri mwema na mimi mwenyewe ninaufuata. Lakini mwanafunzi anayefunika mashine kupanda daladala, akafunua dakika kumi kwenye benchi la chuo, akafunika tena, hawezi kuzima na kuwasha mara nane kwa siku. Kila kuwasha kunakula betri. Na betri ya mtumba haina cha kuchezea.

Sasa tuje kwenye swali: kwa nini Linux, ambayo inaendesha kompyuta kubwa kubwa za dunia hii, ipate taabu na jambo dogo kama kulala? Hapo kuna historia, na nisameheni nikikaa nayo kidogo.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Mwaka uliofuata, 1992, Intel na Microsoft walitoa utaratibu wa kwanza wa kusimamia umeme wa kompyuta, ulioitwa APM. Katika utaratibu huo, programu ya kiwandani iliyofungwa ndani ya mashine ndiyo iliyokuwa bwana; mfumo endeshi uliomba tu. Desemba 1996 ukaja mwingine, ACPI, uliotungwa na Intel, Microsoft na Toshiba, na ambao mpaka leo ndio unaotumika katika karibu laptopu zote za aina hii. Huu uligeuza mambo: bwana sasa ni mfumo endeshi. Mtengenezaji wa mashine anaandika majedwali na maelekezo, anayaweka ndani ya mashine, nayo yanasema: feni iko hapa, betri iko pale, ukitaka kunilaza fanya hivi na hivi. Mfumo endeshi unasoma na kutekeleza.

Utaratibu wenyewe ulichapishwa wazi, kila mtu ausome. Tatizo likawa kwa walioandika majedwali. Wengi waliyajaribu kwa Windows peke yake, kwa sababu ndiyo waliyokuwa wakiuza nayo. Yakifanya kazi kwa Windows, kazi imekwisha, hata kama yana makosa. Mtu wa Linux akija na kitabu cha sheria mkononi, anaifuata sheria sawasawa, na mashine haiamki.

Je, ilikuwa bahati mbaya tupu? Mwezi Januari 1999 Bill Gates mwenyewe aliwaandikia wasaidizi wake barua-pepe, ambayo baadaye ilitolewa kama kielelezo katika kesi dhidi ya Microsoft katika jimbo la Iowa, Marekani. Ndani yake alikuwa akijiuliza kama nyongeza za ACPI zisingeweza kufanywa ziwe za Windows pekee kwa namna fulani, kwani aliona si jambo jema wao wafanye kazi yote hiyo halafu matokeo yake yawe Linux inafanya kazi vizuri. Sisemi kwamba alifanikiwa, maana utaratibu ulibaki wazi. Nasema kwamba usingizi wa laptopu lilikuwa jambo lenye uzito kiasi cha kumshughulisha tajiri nambari moja wa dunia ya wakati ule.

Na kuna kioja kimoja hapa ambacho kilinichekesha nilipokisikia mara ya kwanza. Majedwali yale yana mahali pa kuuliza: wewe unayeniendesha ni nani? Linux inapoulizwa kama yenyewe ni Windows ya mwaka fulani, hujibu ndiyo. Inapoulizwa kama ni Linux, hujibu hapana. Watunzi wake hawakupenda kusema uongo. Waligundua kwamba ile njia ya Windows ndiyo iliyojaribiwa kiwandani, na nyingine zote ni vichaka. Mgeni amelazimika kubadili jina ili afunguliwe mlango.

Haikuwa kazi ya kuiga tu, lazima tuseme. Zamani kiini cha Linux kilikuwa kikikigutusha kichakataji mamia ya mara kwa kila sekunde, na katika matoleo fulani mara elfu moja, hata kama hakuna kazi ya kufanya. Ni sawa na mlinzi anayemgongea mlango tajiri wake usiku kucha akimwambia, “Hakuna mwizi.” Aprili 2007, katika toleo la 2.6.21, tabia hiyo ilianza kuondolewa: kama hakuna kazi, kichakataji kinaachwa kilale mpaka itokee. Mwaka huo huo Intel ilitoa programu huria iitwayo PowerTOP, ambayo inaonyesha ni programu ipi inayoigutusha mashine na mara ngapi. Mafundi duniani kote waliifungua, wakaona majina ya wakosaji yamepangwa mstari kwa mstari, na programu nyingi zikarekebishwa kwa aibu hiyo.

Na kama unadhani Linux na betri ni maji na mafuta, watazame majirani zetu wa Rwanda. Kuanzia mwaka 2008 watoto wa shule za msingi kule walianza kupewa zile laptopu ndogo za kijani na nyeupe za mpango wa Laptopu Moja kwa Kila Mtoto. Zilikuwa zikiendeshwa na Linux. Waliozibuni walianza na swali la umeme kabla ya swali jingine lolote: kioo kilisomeka juani bila taa, na kichakataji kiliweza kulala wakati ukurasa ungali unaonekana mbele ya mtoto. Mpango wenyewe ulikuwa na matatizo yake mengi, nami si msemaji wake. Vilevile kule Nairobi, mwaka 2013, watu wa Ushahidi walibuni kisanduku cha intaneti walichokiita BRCK, nacho kinaendeshwa na Linux, chenye betri ya saa nane kwa sababu waliishi mjini wanaujua umeme wao. Aliyeanza kazi akijua kwamba umeme utakatika, alipata mashine inayovumilia umeme kukatika.

Sisi Watanzania tuliingia kwenye programu huria kwa mlango mwingine, wa lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kazi ya heshima. Lakini kompyuta inaweza kukwambia “Hifadhi” na “Funga” kwa Kiswahili fasaha, na bado ikakesha ndani ya begi.

Turudi kibandani. Nilikuwa nimemuuliza rafiki yangu mmoja ambaye kazi yake ni mitambo, naye akaniandikia kwenye karatasi mahali pa kutazama. Ndani ya Linux kuna faili dogo, /sys/power/mem_sleep. Fundi akalifungua. Lilikuwa na maneno mawili tu: s2idle na deep. La kwanza ndilo mang'amung'amu, la pili ndilo pono, na lile linalotumika limewekewa mabano. Mabano yalikuwa kwenye la kwanza. Maana yake, mashine ya binti ilijua kulala usingizi mzito tangu ilipotoka kiwandani. Ila majedwali yake yalisema inapendelea ule mwepesi, na Linux, kwa utii wake, ikafuata.

Dawa yake ni mstari mmoja unaoongezwa kwenye maelekezo ya kuanzishia mashine. Redioni siwezi kuusema vizuri, lakini gazetini utasomeka: mem_sleep_default=deep. Fundi akauandika, akazima, akawasha, akafunika. Tukasubiri. Taa ndogo ya pembeni ikaanza kupepesa polepole, feni kimya. Akafunua, ukurasa wa binti ukarudi. Fundi akanitazama, akasema, “Kumbe ni hiki tu?”

Ni hicho tu kwa mashine hiyo, ndugu msikilizaji. Usiende ukadhani ni dawa ya kila mgonjwa. Laptopu nyingi mpya, hasa za kuanzia mwaka 2020 na kuendelea, zimeondolewa ule usingizi wa pono kabisa. Ukifungua faili utakuta neno moja tu, na hapo kazi ni kutafuta kifaa kinachogoma kutulia, kazi ya siku nzima. Baadhi ya mashine za mwaka 2018 hivi zina chaguo ndani ya mpangilio wa kiwandani, unakochagua usingizi wa aina ya Windows au wa aina ya Linux. Ndiyo, jina la Linux limeandikwa humo, na mtengenezaji mwenyewe. Nyingine hazina kitu.

Tulipokuwa pale fundi alitazama na betri. Linux inasema ukweli wote bila kuomba radhi: betri iliundwa kubeba wati-saa 50, sasa inabeba 27. Hapo nikaelewa kwa nini usiku mmoja wa kukesha ulitosha kuimaliza. Fundi, aliyekwisha kuchangamka, akapendekeza tuweke kikomo cha kuchaji, kwamba ikifika asilimia 80 iache. Betri za lithiamu hazipendi kukaa zimejaa pomoni kutwa, na kikomo hicho huzirefushia maisha. Mashine nyingi zinakubali, na mifumo ya karibuni inayotumia GNOME 48, iliyotoka Machi 2025, ina kitufe chake kabisa.

Mimi nilikataa, na naomba kutofautiana na wataalamu hapa. Ushauri wa asilimia 80 ni wa mtu ambaye laptopu yake inashinda mezani imechomekwa. Tangu mwaka 2024, lilipoanza kuzalisha Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, hatuishi tena kwa ratiba za mgawo kama zile za mwaka 2006 na 2011. Lakini nguzo bado zinaanguka, transfoma zinalipuka, na upepo wa Dodoma tunaujua. Mtu wa Mkonze mwenye wati-saa 27 akiziacha tano ukutani kila siku, siku giza litakapoingia atazililia. Betri na ichakae, lakini taarifa ya utafiti iishe. Akimaliza chuo, aweke kikomo.

Gharama ya siku ile ilikuwa shilingi elfu tano. Fundi hakutaka kuipokea. Binti akamwachia mezani. Usiku wa kwanza alifunika mashine ikiwa na asilimia 82, asubuhi akaikuta na 75, begi baridi. Alikuja kuniambia kabla ya kupiga mswaki.

Limebaki jambo moja. Usingizi wa pono nao, betri ikiisha kabisa, kumbukumbu inapotea. Kinga yake ni ule usingizi wa kunakili kwenye diski, ambao katika Linux nyingi hauji tayari. Lazima fundi atenge nafasi ya kutosha kwenye diski, na diski ya binti imejaa filamu za Kikorea. Nimemwambia apunguze. Amesema atafikiri. Jumamosi tunarudi kibandani, na fundi ameniomba nimletee ile karatasi ya rafiki yangu ainakili, maana ana mashine nyingine nne za wanafunzi alizozitoa bila kuzijaribu kulala.

Hadi juma lijalo, saa kama hii, kwaherini.